Ufito na Kibuyu

Ukipanda kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba, kabla hujafika kwenye baridi yenyewe, kuna karakana ya mbao iliyoandikwa ukutani kwa rangi ya kijani: SILVANO NA MKEWE – MILANGO, VITANDA, MAJENEZA. Silvano yumo kaburini tangu mwaka 2011. Mkewe ndiye Marta Shekalaghe, na hayo maneno "na mkewe" aliyaandikisha yeye mwenyewe. Alisimama nyuma ya mchoraji mpaka herufi ya mwisho ikakauka, kwa sababu, alisema, mwanamume hajengi karakana peke yake huku mkewe ameketi anahesabu vifaranga.

Marta ana miaka sabini na miwili na mgongo bado umenyooka kama mwimo wa mlango. Pombe hajaionja maisha yake yote. Hata divai ya Meza ya Bwana huigusa kwa ncha ya mdomo tu, akajifuta. Na neno samahani, wale waliomjua tangu usichana wanasema hawajalisikia likitoka kinywani mwake, isipokuwa anapotaka kupita kwenye benchi la kanisani.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshuka mlima mpaka Mombo kumtafuta mlevi.

Mlevi huyo ni Nathanaeli. Alikuja karakana akiwa na miaka kumi na saba, Silvano akamfundisha randa na patasi, na Silvano alipofariki Nathanaeli ndiye akawa fundi, Marta akawa mwenye mali. Mikono yake ilikuwa mikono kweli. Droo aliyoitengeneza yeye uliivuta kwa kidole kimoja. Lakini alikuwa fundi wa majeneza, na fundi wa majeneza kule kwetu ana adha yake.

Kule mtu akifa, fundi haendi msibani kupima. Ndugu hukata ufito wa mwanzi ulio sawa na marehemu, utosini hadi kisiginoni, wakaufunga kitambaa cheusi na kuuleta karakana. Ufito hauji peke yake. Unakuja na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, nacho huitwa cha kumwosha fundi macho. Wanasema fundi akiifanya kazi ile na macho makavu ataiona sura ya maiti kwenye mbao. Jeneza likiisha, ufito huchomwa siku ileile, usilale. Na kuuchoma si kazi ya fundi. Ni kazi ya mwenye karakana.

Sasa hesabu mwenyewe. Kijiji kimoja, vitongoji sita, homa, ajali za bodaboda, wazee na vichanga. Kila msiba na kibuyu chake. Marta ndiye aliyekuwa akikipokea mlangoni, yeye asiyeigusa pombe, akakiweka juu ya benchi kwa adabu zote: "Fundi, macho yako haya." Miaka kumi. Halafu watu wakashangaa kwamba Nathanaeli amekuwa mlevi! Walimlewesha kwa heshima, kikombe kwa kikombe, na alipoanza kuyumba njiani wakamcheka.

Miaka minne iliyopita, katikati ya masika, alifariki Mzee Timotheo, aliyekuwa mlinzi wa msitu, mtu mrefu aliyekuwa akiinama kila mlango. Jeneza lilipofika nyumbani kwake likawa fupi. Si fupi la vidole viwili; fupi la shubiri nzima. Ikabidi wamkunje magoti mzee wa watu mbele ya mkewe, na mkewe akatoa sauti ambayo waliokuwepo hawajaisahau.

Marta alimkuta Nathanaeli amesimama karibu na mgomba, ananuka, macho mekundu.

"Nimepima, Mama," alisema kwa ulimi mzito. "Naapa nimepima."

"Umepima nini, mbwa wewe? Umepima kibuyu!" Akamvua aproni mbele ya waombolezaji wote, akaitupa kwenye tope. "Usikanyage tena kwangu. Sikujui."

Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Karakana ikabaki na jina lake safi. Lipo jambo moja kuhusu siku ile ambalo Marta hakumwambia mtu, wala mchungaji.

Nathanaeli aliteremka mlima. Miaka miwili na nusu hakuna aliyemtaja, isipokuwa kwa jina jipya walilompa: Futi Pungufu. Mpaka siku Zainabu, jirani wa Marta anayepeleka karoti na kabichi Mombo, aliporudi kutoka sokoni na kusimama uani bila hata kutua tenga.

"Dada Marta, fundi wako yuko stendi Mombo. Amelala juu ya maboksi ya nyanya, kiatu kimoja. Nimempa chapati, ameniuliza kama nina cha kusukumia."

"Si fundi wangu."

"Haya, si wako. Basi ni wa nani? Sisi Waislamu tunazikwa na sanda, fundi mlevi hatuhusu. Huyo mlimtengeneza ninyi."

Marta alikasirika mpaka akamfungia Zainabu lango. Lakini kesho yake asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda basi, akashuka zile kona zote mpaka kwenye joto la Mombo. Alimkuta nyuma ya vibanda vya mahindi ya kuchoma. Hakulia, hakumbembeleza. Alimshika sikio.

"Inuka. Watu wa Arusha wanapita hapa, wanakuona, wanadhani Wasambaa wote wako hivi."

Akampeleka Tanga, kwenye soba hausi, nyumba wanayokaa watu wanaoacha ulevi. Siku ya tisa akatoroka. Marta akashuka tena, akamtafuta siku mbili, akamrudisha, njia nzima akimtukana kwa Kishambaa ili abiria wasielewe, na nusu ya abiria walikuwa Wasambaa. Safari hii alikaa miezi saba.

Aliporudi mlimani mwaka jana, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye mikaratusi, alisimama nje ya karakana na mfuko wa rambo mkononi. Amekonda. Mikono inatetemeka kama ya mtu wa miaka themanini, naye ana arobaini na nne.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usidhani nimekuajiri. Nilikufukuza, na mimi nikifukuza huwa nimefukuza. Benchi la Silvano liko pale, halina mtu. Randa yake ile. Kazi utakayoipata ni yako. Chai ni saa nne, ya tangawizi, na utainywa hapa mbele yangu. Jioni utalala chumba cha stoo, na ufunguo ninao mimi."

"Asante, Mama."

"Sijamaliza. Ukinywa tone moja, sitakufuata tena. Nauli za Mombo zimenichosha, na magoti pia."

Alianza na vigoda, vipini vya majembe, dirisha la banda la mbuzi. Mikono ilitetemeka, ikaharibu, akaanza upya. Marta alikaa mlangoni anamenya maharage, kumbe ni mlinzi. Maana watu walianza kuja. Usifikiri waliokuja walikuwa maadui. Maadui wangekuwa nafuu! Walikuja marafiki, waliomwita mgosi, yaani bwana.

"Mgosi Nathanaeli! Umerudi! Twende basi tukupongeze kidogo pale kilabuni."

"Nimeacha, mgosi."

"Tunajua umeacha. Si ndiyo tunakupongeza? Kimoja tu, cha kutoa baridi. Hii baridi ya Magamba utaiweza kwa chai?"

Marta aliinuka na ufagio. "Wewe, mkeo amefunga paa kwa turubai na wewe unatafuta wa kumpongeza! Toka kwenye maranda yangu!"

"Mama, tunatania tu."

"Nenda katanie na mkeo."

Alifukuza hivyo wiki baada ya wiki. Wakamwita Polisi wa Chai. Wakamwita Mama Soba. Vijana wa bodaboda wakipita walipiga honi na kupaza sauti, "Futi Pungufu, umepima leo?" Nathanaeli hakuinua kichwa. Usiku Marta alimsikia, amefungiwa stoo, akitembea, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Asubuhi hawakuliongelea. Na hasira ya Marta haikupoa, ilizidi. Alikuwa na hasira na kilabu, na miwa yenyewe inavyomea, na mchungaji aliyemsifu madhabahuni kwa moyo wake wa huruma. Akiambiwa ana huruma, alinuna siku nzima. Zainabu peke yake aliliona hilo.

"Dada Marta, mtu akikusifu unavimba kama umetukanwa. Kuna nini?"

"Meno yananiuma."

"Meno yako manne hayo?"

Miezi minane ikapita. Mikono ya Nathanaeli ikaanza kutulia, si yote, ila mchana ilitulia. Akatengeneza mlango wa shule, watu wakauona, wakaufungua na kuufunga, wakanyamaza. Lakini jeneza hakuna aliyemletea. Na fundi wa kijijini asiyeletewa jeneza hajarudi kweli. Yuko kama mgeni. Hilo alilijua yeye, na Marta alilijua.

Ndipo akafariki mjane wa Mzee Timotheo.

Saa tatu asubuhi, wakaja karakana mwanawe, Alen, mtu mzima mwenye mvi zake, na Mzee Kristian, mdogo wake Timotheo, ambaye kwa Silvano ni binamu, hivyo humwita Marta shemeji. Alen alibeba ufito umefungwa kitambaa cheusi. Mzee Kristian alibeba kibuyu na kikombe cha bati.

Marta alikiona kibuyu kabla hajawaona watu.

"Shikamoo, Mama," Alen alisema.

"Marahaba. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Mama ametuachia neno. Alisema anataka kuzikwa na jeneza la yule yule fundi. Alisema asife na kinyongo. Kwa hiyo tumemletea ufito. Na tumekuja kumsamehe."

Nathanaeli aliweka randa chini. Miaka minne alikuwa akilisubiri neno hilo, na sasa limeingia mlangoni kwa miguu yake.

"Asanteni," alisema. "Asanteni sana, mzee wangu. Asante, Alen."

"Ngoja," alisema Mzee Kristian, akazibua kibuyu. "Msamaha hautolewi kinywa kikavu. Tangu babu zetu: kikombe kimoja, nusu aliyekosa, nusu aliyekosewa, neno limekwisha. Shika, mwanangu."

Harufu ikajaa karakana, ile harufu tamu iliyochacha, ikafunika harufu ya mbao. Marta alimtazama Nathanaeli mikononi. Mikono iliyokuwa bado ikitetemeka kila asubuhi ilikuwa imetulia tuli. Hicho ndicho kilichomtisha. Ilitulia kama mtoto aliyeona titi la mamaye.

"Mpeni chai," Marta alisema.

Mzee Kristian alicheka kwa heshima. "Shemeji! Chai ni ya kuamkia. Nani alisamehewa kwa chai?"

"Basi maji. Mtu huyu amekaa miezi saba amefungiwa Tanga, na minane nimemfungia mimi. Mnajua. Kijiji kizima mnajua, hamna kazi nyingine. Na mnamletea kibuyu?"

"Hatumleweshi, Mama," alisema Alen, na hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililomchemsha Marta zaidi. "Ni kikombe kimoja. Asipokunywa, nyumbani watasema ameukataa msamaha wa marehemu. Sina la kuwajibu. Nitaupeleka ufito huu mjini, na hakuna atakayeleta mwingine hapa."

Nje, maji ya ukungu yalidondoka kutoka kwenye bati.

"Mama," Nathanaeli alisema polepole, macho kwenye kikombe. "Ni kimoja tu. Nitaweza. Kimoja halafu naanza kazi."

"Kimoja ndicho kilichokulaza stendi!"

"Ni msamaha, Mama. Nisipouchukua leo nitauchukua lini?"

Akanyoosha mkono.

Marta alimwaga maharage yote alipoinuka. Alimpiga Nathanaeli kofi la mkononi, kofi la mama, kikombe kikatikisika lakini hakikumwagika, maana Mzee Kristian alikishika vizuri. Marta akamgeukia mzee.

"Kristian. Unasamehe nini hasa? Niambie nisikie."

"Shemeji, hasira za nini? Jeneza la kaka yangu."

"Lilikuwa fupi kwa nini?"

"Kila mtu anajua. Fundi alikuwa amelewa."

"Alilewa, ndiyo. Mlimlewesha ninyi, na kibuyu nilimkabidhi mimi kwa mikono hii, fundi, macho yako haya! Lakini mlevi yule alipima. Alisema amepima, na alikuwa amepima kweli. Alipima kwa ufito aliouona hapo, pembeni mwa mlango." Akaonyesha kwa kidole, na wote wakatazama pale kana kwamba bado upo. "Ufito wa Bibi Edita, aliyezikwa Jumanne ya wiki ile. Edita alikuwa na kimo gani? Alikuwa ananifika hapa, begani. Ufito wake ulitakiwa uwe majivu Jumanne ileile. Kuchoma ufito ni kazi ya nani?"

Mzee Kristian akakitazama kikombe.

"Ni kazi ya nani, Kristian? Ulizaliwa hapa, jibu!"

"Ya mwenye karakana," alisema Mzee Kristian.

"Ya mwenye karakana! Na mwenye karakana siku ile alikuwa amevaa kitenge kipya, anakwenda kuchaguliwa mwenyekiti wa akina mama, hakutaka kunuka moshi. Nikasema nitauchoma kesho. Nikachaguliwa, nikapigiwa vigelegele, nikasahau. Wa Timotheo nilikuja kuukuta nyuma ya mbao, nimeshamfukuza fundi, nao nikauchoma haraka asiuone mtu. Naona mnanitazama. Nitazameni! Nilimvua mtu aproni kwenye tope mbele ya watu mia mbili kwa ajili ya uvivu wangu, na mchungaji ananisifu madhabahuni. Kila akinisifu natamani kumtemea mate."

Alen alikaa juu ya rundo la mbao, ufito magotini.

"Kwa hiyo kama kuna wa kusamehewa na mama yako, ni huyu hapa. Lete."

Akakichukua kikombe. Marta Shekalaghe, mwenyekiti wa akina mama kwa mihula miwili, alikunywa nusu ya kikombe cha bati cha dengelua saa tatu na nusu asubuhi, kwa mikupuo mitatu. Machozi yakamtoka, sijui ni ya ukali au ya nini. Akakirudisha kwa nguvu kifuani pa mzee.

"Nusu yako hiyo. Kunywa. Na useme lile neno."

Mzee Kristian alikunywa. "Limekwisha," alisema kwa sauti ndogo. "Limekwisha, shemeji."

"Na hiki ndicho mnachomuulia mtu? Kichungu kama mkojo wa mbuzi! Kibuyu ondoka nacho. Kuanzia leo ufito mtaleta, kibuyu hapana. Atakayeogopa sura ya maiti atengeneze jeneza mwenyewe."

Kisha akamgeukia Nathanaeli, na hapo sauti ikamtoka kwa shida, ikasikika kama bado anagomba.

"Na wewe. Samahani."

Nathanaeli aliacha kukitazama kikombe. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka tena, akaibana kwapani.

"Nilijua, Mama," alisema. "Nilikuwa nimelewa, sikuwa kipofu. Nilipozinduka Mombo nilikumbuka. Fito zilikuwa mbili."

"Ulijua? Ukanyamaza miaka yote hii? Unalala stoo yangu, unakunywa chai yangu, unajua?"

"Ningesema, nani angeniamini? Mlevi na mwenyekiti?" Naye sasa sauti ilipanda, mara ya kwanza tangu arudi, na Marta akarudi nyuma hatua moja. "Nilikuwa naapa pale kwenye tope, ukaniita mbwa! Ulikuja Mombo, nikasema leo atasema. Ukaja Tanga, hukusema. Kila saa nne naletewa chai, nasema leo. Unanikaba na tangawizi tu!"

Alen na mzee walitazama miguu yao. Kichwa cha Marta kilikuwa kimeanza kuzunguka, akashika ukingo wa benchi la Silvano.

"Basi nikasirikie," alisema. "Haki yako. Lakini ukasirike huku unafanya kazi, kuna mtu anasubiri kuzikwa."

Nathanaeli akanyoosha mkono kwa Alen. "Niletee ufito, kaka."

Aliupima mara tatu. Akaita namba kwa sauti, akamtaka Alen naye aupime. Walifanya kazi mpaka saa tisa, Alen akishika mbao upande mmoja. Nathanaeli hakumsemesha Marta hata neno, na misumari aliigonga kama ina kosa. Saa nne ilipofika, chai haikuletwa, maana Marta alikuwa ameketi kwenye maranda, ameegemea ukuta, anailaani dengelua kwa lugha mbili. Nathanaeli aliichemsha mwenyewe, akammiminia na yeye kikombe, akakiweka chini karibu naye bila kumtazama.

Jeneza lilipotoka, hakuna aliyehitaji kuuliza. Lilikuwa sawa.

Marta aliinuka kwa kushika ukuta. Akauchukua ufito, akatoka nao uani, akawasha moto wa maranda. Nathanaeli alisimama mlangoni kuangalia. Mwanzi ulipasuka, ukalia, moshi ukageuka na upepo ukamwingia Marta kwenye kitenge na kwenye kilemba. Hakusogea. Alisimama mpaka kipande cha mwisho kikawa jivu, akalitawanya kwa mguu.

Kesho yake mazikoni, Zainabu aliyekuja kutoa pole alisogea karibu naye, akavuta pumzi puani.

"Dada Marta, unanuka moshi."

"Najua," alisema Marta. "Sogea huko, usinisukume."